Jinsi ya Kuchagua Kozi za Muhula Ujao: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Chuo

Kila muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi, hasa wa mwaka wa kwanza na wa pili, huuliza maswali yaleyale: nichukue kozi ngapi, nianze na zipi, ile kozi inayoogopwa niiahirishe au niimalize mapema, na nikikuta imejaa nifanye nini. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio unaoweza kuufuata ukiwa umekaa na karatasi zako mezani. Umekusudiwa mwanafunzi ambaye chuo chake kinamwachia angalau sehemu ya uamuzi. Kama kozi zako zote hupangwa na idara, hatua ya 2, ya 4 na ya 8 zitakufaa hata hivyo.

Jambo moja ulishike tangu sasa, kwa kuwa ndilo linalochelewesha watu kuhitimu kuliko ugumu wa masomo wenyewe: kozi haichaguliwi peke yake. Iko kozi ambayo ukiikosa muhula huu hakuna kinachoharibika, na iko nyingine ambayo ukiikosa, kozi tatu zilizo nyuma yake zinakwama pamoja nayo. Kazi kubwa ya kuchagua ni kuzitenganisha hizo mbili kabla hujatazama kingine chochote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtaala wa programu yako, toleo la mwaka uliodahiliwa. Mitaala hubadilishwa mara kwa mara, na kwa kawaida mwanafunzi hufuata ule alioingia nao, hata kama wanaodahiliwa sasa wamepewa mpya.
- Matokeo yako yote hadi sasa, yakiwemo ya kozi ulizofeli, ulizoahirisha na zile ambazo alama zake bado hazijatoka.
- Ratiba ya muhula ujao, hata ikiwa ni ya awali.
- Kanuni za usajili, zinazoonyesha kiwango cha chini na cha juu cha krediti (kipimo cha kazi ya kila kozi) kwa muhula, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuongeza na kuacha kozi.
- Muhtasari wa kila kozi unayoifikiria, wenye mada za kila wiki, kazi zinazotolewa na mgawanyo wa alama.
- Namba yako ya usajili na nywila ya mfumo wa chuo. Jaribu kuingia leo, usisubiri siku ya usajili.

Tahadhari: usichanganye katalogi ya kozi na ratiba. Katalogi huonyesha kozi zote ambazo chuo kinaweza kufundisha, wakati ratiba huonyesha zinazofundishwa muhula huo tu. Mwanafunzi anayepanga mwaka mzima kwa kutazama katalogi peke yake hugundua wakati wa usajili kwamba nusu ya kozi alizozitegemea hazipo.

Hatua ya 1. Orodhesha unachodaiwa

Chukua mtaala na matokeo yako, uviweke pamoja, kisha uweke alama kwenye kila kozi uliyokwisha kuifaulu. Zinazobaki zigawe katika makundi matatu: kozi za lazima za programu, kozi za hiari za programu, na kozi za jumla ambazo chuo kinamtaka kila mwanafunzi azisome. Tumia misimbo ya kozi, usitegemee majina, kwa sababu kozi mbili zinaweza kuwa na majina yanayokaribiana huku moja tu ndiyo inayohesabiwa katika programu yako. Kozi uliyofeli iandike kama deni, na ukague kanuni zinasemaje kuhusu kurudia: kuna vyuo ambavyo alama mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani, na kuna vingine ambavyo zote mbili hubaki kwenye nakala ya matokeo.

Hatua ya 2. Chora mnyororo wa kozi tangulizi, ukianzia mwisho

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko popote pengine. Kozi tangulizi ni ile unayopaswa kuifaulu kabla ya kuruhusiwa kuchukua nyingine. Utangulizi wa uandishi wa programu za kompyuta hutangulia miundo ya data, na miundo ya data hutangulia algoriti. Kemia ya jumla hutangulia kemia ya misombo ya kaboni, nayo hiyo hutangulia biokemia. Wanafunzi wengi huyajua haya, lakini huyatazama hatua moja mbele tu. Wewe anzia kwenye kozi ya mwisho kabisa, mara nyingi mradi wa utafiti au mafunzo kwa vitendo, urudi nyuma ukiuliza kila mara: ili niiingie kozi hii, nilipaswa kuwa nimemaliza ipi, na hiyo hufundishwa muhula upi?

Chukua mfano wa programu ya miaka mitatu yenye mihula sita. Mradi wa mwisho unafanyika muhula wa 6. Unahitaji Mbinu za Utafiti, ambayo hufundishwa muhula wa kwanza wa mwaka tu, yaani kwako ni muhula wa 5. Mbinu za Utafiti inahitaji Takwimu ya Pili, inayofundishwa muhula wa pili wa mwaka tu, yaani muhula wa 4. Takwimu ya Pili inahitaji Takwimu ya Kwanza, nayo hufundishwa muhula wa kwanza wa mwaka. Kwa hiyo ni lazima Takwimu ya Kwanza uichukue muhula wa 3. Ukiamua kuiahirisha kwa sababu muhula huo una kozi nyingine ngumu, itarudi muhula wa 5, Takwimu ya Pili itaangukia muhula wa 6, Mbinu za Utafiti muhula wa 7, na mradi muhula wa 8. Kozi moja iliyosogezwa mbele imekugharimu mwaka mzima, pamoja na ada yake na gharama zake za kuishi, ingawa hukufeli chochote.

Ukimaliza kuchora, weka nyota kwenye kila kozi yenye sifa mbili kwa pamoja: ina kozi nyingine zinazoisubiri, na hufundishwa mara moja kwa mwaka. Kozi zenye nyota haziahirishwi. Zikigongana na kozi ya hiari unayoipenda, ya hiari ndiyo inayosubiri.

Angalia pia kozi zinazopaswa kuchukuliwa pamoja, kwa mfano mhadhara na mazoezi yake ya maabara yaliyosajiliwa kwa msimbo wa pekee. Ukisajili moja bila ya pili, mifumo mingi hukataa, au hukubali kisha ikakuondoa katika zote mbili. Na soma kiwango cha ufaulu kinachotakiwa: wakati mwingine kufaulu tu hakutoshi, bali unadaiwa daraja fulani katika kozi tangulizi.

Hatua ya 3. Weka kozi zenye nyota, kisha za lazima zinazobaki

Andika kozi zenye nyota kwenye orodha ya muhula ujao kabla ya nyingine zote. Zinazofuata ni za lazima zisizo na nyota, kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Kama una deni la kozi uliyofeli na ina nyota, liweke juu ya orodha, kwa kuwa hilo ndilo linaloziba njia.

Hatua ya 4. Geuza krediti kuwa saa za kazi

Krediti ni kipimo cha kazi, na kila mfumo una hesabu yake. Katika mfumo wa Ulaya unaoitwa ECTS, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa ni krediti 60, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote, yaani mihadhara, kusoma, mazoezi na mitihani. Uingereza, krediti moja ni saa 10, na mwaka una krediti 120. Marekani, krediti moja humaanisha takriban saa moja darasani na saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Tafuta hesabu ya chuo chako kwenye kanuni, kwa kuwa bila hiyo huwezi kulinganisha chochote.

Kisha piga hesabu ya wiki yako. Mwanafunzi wa mfumo wa Marekani mwenye krediti 15 anatarajiwa kufanya kazi ya saa 45 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku, zinabaki 112; ukitoa 45 za masomo, zinabaki 67. Anayefanya kibarua cha saa 20 kwa wiki anabakiwa na 47 za kula, kuoga, kufua, kusafiri, kuhudumia familia na kupumzika. Zinawezekana, lakini hazina nafasi ya kozi ya ziada. Mwanafunzi huyohuyo akiongeza kozi ya krediti 3 ili "amalize mapema", ameongeza saa 9, na kwa desturi saa hizo hutolewa kwenye usingizi.

Ushauri wangu kwa anayeingia muhula wa kwanza chuoni ni kuchukua mzigo wa kawaida, asichukue wa juu kabisa. Bado hujui kasi yako ya kusoma kwa lugha na kiwango cha chuo, na kuongeza kozi muhula wa pili ni rahisi kuliko kurudia mbili ulizofeli.

Tahadhari: usishuke chini ya kiwango cha chini bila kuuliza. Ufadhili, mkopo, bima, malazi ya chuo na, kwa mwanafunzi wa kigeni, kibali cha kuishi nchini, vinaweza kutegemea kuhesabiwa kwako kuwa mwanafunzi wa kutwa. Nchini Marekani, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada ya kwanza huhesabiwa hivyo kwa ajili ya misaada ya serikali kuu akiwa na angalau krediti 12 kwa muhula. Kuacha kozi moja kunaweza kukushusha chini ya mstari huo bila wewe kutambua.

Hatua ya 5. Changanya aina za kazi

Kozi mbili zenye krediti sawa hazichoshi kwa namna moja. Ipo kozi ya kusoma maandiko marefu na kuandika insha, ipo ya kukokotoa mazoezi kila wiki, ipo ya maabara na ripoti, na ipo ya mradi wa kikundi unaotegemea watu wengine. Kozi tatu za insha katika muhula mmoja humaanisha insha tatu ndefu kukusanywa wiki moja. Kozi tatu za maabara humaanisha ripoti zisizokwisha. Fungua mihtasari yote pamoja, uandike tarehe za kazi kubwa na majaribio kwenye kalenda moja, na utazame ni wiki zipi zimesongamana. Ukiona kazi nne zinaangukia wiki moja, na mojawapo ni ya kozi ya hiari isiyo na nyota, umeshapata ya kubadilisha.

Tazama na mgawanyo wa alama. Kozi ambayo mtihani wa mwisho unabeba sehemu kubwa ya alama haikupi onyo mapema. Ile yenye upimaji endelevu hukuonyesha unakoelekea kabla mambo hayajaharibika. Usichukue muhula mmoja kozi zote za namna ya kwanza kama unaweza kuepuka.

Hatua ya 6. Chagua kozi za hiari kwa sababu unayoweza kuitaja

Kwa kila kozi ya hiari, andika sentensi moja inayoeleza kwa nini unaichukua: inanipa ujuzi fulani, inanifungulia kozi ya mwaka wa tatu, nataka kujua kama fani hii inanifaa, au nimeipenda mada yake. Sababu zote hizo ni halali. "Rafiki yangu anaichukua" na "wanasema inapitika" ni sababu dhaifu, kwa kuwa urafiki hautafanya mtihani wako, na kozi iliyokuwa nyepesi chini ya mhadhiri mmoja hubadilika anapokuja mwingine.

Unapowauliza waliokutangulia, epuka kuuliza kama kozi ni ngumu. Uliza mambo yanayopimika: walisoma saa ngapi kwa wiki, kazi zilisahihishwa na kurudishwa kwa wakati, maswali ya mtihani yalifanana na mazoezi, na ni jambo gani wangependa kulijua kabla ya kuanza. Uliza zaidi ya mtu mmoja, akiwemo aliyepata alama ya wastani, kwa kuwa anayeongoza darasa na aliyefeli wote wawili hukupa picha iliyoegemea upande mmoja.

Hatua ya 7. Panga ratiba na uweke kozi za akiba

Hamishia kozi zako kwenye jedwali la wiki, ukijumuisha semina, maabara na muda wa kutoka jengo moja hadi jingine. Kama ratiba ya mitihani imetoka, ikague pia, kwa kuwa kozi zisizogongana kwenye mihadhara zinaweza kugongana kwenye mitihani. Acha angalau nafasi moja ya mchana katikati ya siku yenye mihadhara mingi.

Kwa kila kozi ya hiari weka mbili za akiba, ambazo tayari umezikagua kwa kozi tangulizi, saa na krediti. Akiba isiyokaguliwa haina faida, maana utalazimika kuikagua dakika ambazo nafasi zinakwisha.

Baada ya hapo mpelekee mshauri wako wa masomo mpango huo, ukiwa na mnyororo wa hatua ya 2 mkononi. Nenda na maswali mahususi, kwa mfano kama kozi fulani itafundishwa kweli mwakani au mhadhiri wake atakuwa likizo, kwa kuwa habari za namna hiyo hazimo kwenye katalogi.

Hatua ya 8. Sajili, thibitisha, kisha utumie vizuri wiki za kwanza

Siku chache kabla ya usajili kufunguliwa, hakikisha akaunti yako haijafungiwa kwa deni la ada, kitabu cha maktaba au fomu ambayo hukuijaza. Usajili ukifunguliwa, ingiza kwanza kozi zenye nyota na zile zenye nafasi chache, kisha nyingine. Ukimaliza, pakua uthibitisho na uuhifadhi. Kozi iliyobaki kwenye orodha ya kuchagua bila kubonyezewa "sajili" haijasajiliwa, na kosa hili hutokea kila muhula.

Kipindi cha kuongeza na kuacha kozi, ambacho mara nyingi ni wiki moja au mbili za mwanzo, kimewekwa ili uonje kozi. Hudhuria kila mhadhara wa kwanza, soma muhtasari mpya, ujaribu zoezi la kwanza. Ukiona kozi haikufai, iache rasmi ndani ya muda huo.

Tahadhari: kuna tofauti kubwa kati ya kuacha kozi ndani ya muda, kujiondoa baada ya muda, na kutoroka. Ukiacha ndani ya muda, kozi kwa kawaida haionekani kwenye nakala ya matokeo. Ukijiondoa baadaye, mara nyingi hubaki alama ya kuonyesha ulijiondoa, na ada huenda isirudishwe. Ukiacha tu kuhudhuria bila kujaza fomu, vyuo vingi vitakuhesabu kuwa umefeli, na wastani wako utashuka kwa kozi ambayo ulidhani ulishaachana nayo.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Kozi imejaa.* Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri kama ipo, sajili ile ya akiba ili usibaki na pengo, na uhudhurie mhadhara wa kwanza, kwa kuwa nafasi nyingi hufunguka wiki hiyo. Kama kozi ina nyota, mwandikie mhadhiri au idara barua pepe fupi: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili hii hapa. Naomba nafasi katika kozi hii kwa sababu ni tangulizi ya kozi mbili za lazima za mwakani, na haitafundishwa tena hadi baada ya mwaka mmoja. Nimeambatisha mpango wangu wa masomo." Ombi lenye sababu na ushahidi hupokewa vizuri kuliko malalamiko.

*Mfumo unasema sina kozi tangulizi, na mimi nimeifaulu.* Mara nyingi alama haijaingizwa, au umehamia kutoka chuo kingine na kozi yako haijalinganishwa. Peleka nakala ya matokeo kwa ofisi ya usajili au idara, uombe ruhusa ya muda kwa maandishi.

*Nimefeli kozi tangulizi.* Uliza kama kuna mtihani wa marudio kabla ya muhula kuanza, kama kozi hurudiwa kipindi cha likizo, au kama idara huruhusu kuisoma sambamba na inayofuata. Kama hakuna hata moja, chora upya mnyororo wako siku hiyohiyo, na ujaze muhula kwa kozi za jumla na za hiari ambazo ungezichukua baadaye. Hivyo mihula ya mbele itakuwa na nafasi ya kuzipokea zile zilizosogea.

*Kozi mbili za lazima zinagongana.* Angalia kama mojawapo ina kundi jingine la mihadhara au semina. Kama halipo, lipeleke tatizo hilo idarani mapema, kwa kuwa huenda wenzako wana tatizo hilohilo na ratiba ya awali bado inaweza kurekebishwa. Ratiba isiporekebishwa, chukua ile yenye kozi nyingi zaidi zinazoisubiri.

*Kozi imefutwa kwa sababu ya wanafunzi wachache.* Ingia kwenye akiba yako mara moja. Kama iliyofutwa ni ya lazima, omba idara ikupe kwa maandishi kozi mbadala itakayohesabiwa katika programu yako, kwa sababu ahadi ya mdomo haionekani wakati wa ukaguzi wa kuhitimu.

*Katikati ya muhula mzigo umenishinda.* Usisubiri mtihani wa mwisho. Pata alama zako za upimaji endelevu, ukokotoe unahitaji alama ngapi katika mtihani ili ufaulu kila kozi, kisha umwone mshauri kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Kama ni lazima uache kozi moja, tazama nyota zako na kiwango cha chini cha krediti kabla ya kujaza fomu.